Walinirudisha mlangoni: uzoefu wangu na mitihani ya CLEP

Jamani naandika hii hasira bado haijaisha, mtanivumilia nikichanganya mambo. Ni kuhusu CLEP, hii mitihani ya hapa Marekani ambayo unafanya mtihani mmoja unapata krediti za somo bila kukaa darasani semesta nzima. Niko Minnesota, usiku nafanya kazi nyumba ya wazee, mchana nasoma, nataka kuingia uuguzi. Aliyenifungua macho ni dada mmoja Mkenya tuliyekuwa naye shifti moja, akaniambia mdogo wangu utalipaje mamia ya dola kwa somo la kumaliza kwa dakika 90? Sikuamini mpaka nilipomwandikia msajili wa chuo chetu akanijibu kwa maandishi, masomo haya tunapokea, haya hatupokei, alama tunazotaka ni hizi. Hilo fanyeni kwanza kabla ya kutoa hata senti, maana 50 ni alama inayopendekezwa tu, kila chuo kina utaratibu wake. Na hiyo 50 sio asilimia, alama zao zinaanzia 20 mpaka 80, mimi nilihangaika nalo wiki nzima nikidhani ni nusu ya maswali.

Nikakaa na kalenda ya jikoni nikapanga. Nilichagua mitatu, Human Growth and Development (ukuaji wa binadamu), halafu Introductory Psychology (saikolojia), halafu Introductory Sociology (elimu ya jamii), kwa mpangilio huohuo, kwa sababu ule wa kwanza na wa pili vimeingiliana sana, wataalamu wale wa akili na tabia ni walewale, Piaget yumo, Erikson yumo, Freud yumo, Pavlov na mbwa wake yumo, kwa hiyo unasoma mara moja unafanya viwili kabla kichwa hakijapoa. Nilisoma mtandaoni kwa shirika linaitwa Modern States, kozi zao ni za bure na ukimaliza wanakupa vocha ya ada ya mtihani, hao Mungu awabariki. (Mitihani ya lugha ipo ya Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. Kiswahili hakimo, na kinaniuma, maana hizo krediti ningezichukua asubuhi moja kabla ya chai.)

Nikaacha wiki tatu kati ya mtihani na mtihani, na mwisho nikaacha nafasi, kwa sababu ukifeli huruhusiwi kurudia mtihani uleule mpaka miezi mitatu ipite, na mimi dirisha la maombi ya uuguzi lilikuwa halinisubiri. Ratiba ilikuwa imenyooka kabisa. Yaani nilijisikia mtu.

Na kitu kingine ambacho watu wengi hawajui, kujisajili na kupata tiketi sio kwamba umeshapata kiti. Tiketi unaipata kwa College Board, ndio wenye mitihani hii, kisha unatafuta kituo mwenyewe, unapiga simu, unapangiwa siku, na kituo nacho kina ada yake pembeni. Haya, nikafanya. Nikachagua kituo kilicho karibu na kwangu, basi moja tu. Jina lake sikitaji.

Siku yenyewe ya mtihani wa kwanza nimetoka shifti saa moja asubuhi, sijalala, theluji inayeyuka barabarani, viatu vimelowa. Nimefika mapema. Mapokezi yuko mama mmoja, simjui na yeye hanijui, nikamsalimia, hakuitika. Nikampa tiketi na leseni ya udereva. Akaangalia kimoja, akaangalia kingine, akaanza kugonga leseni kwa kucha, tok tok tok, pale lilipoandikwa jina la babu yangu. Akasema huyu sio wewe.

Naomba nieleze, maana ndugu zangu wengi litawakuta. Sisi kwetu mtu ana jina lake, la baba, na la babu. Kwenye leseni jina la mwisho ni la babu. Mimi wakati wa kujisajili niliandika jina langu na la baba, kama nilivyoitwa shuleni miaka yote Tanga, sikuwaza hata sekunde. Kwa hiyo ubini kwenye tiketi ni wa baba, kwenye leseni ni wa babu. Nikamweleza hivyo, kwa upole, kwa Kiingereza kilichonyooka tu. Akanikata katikati, akapandisha sauti na kuvuta maneno kama anamsemesha kiziwi, akaniuliza, UNAELEWA KIINGEREZA?

Nyuma yangu kulikuwa na vijana watatu, wale wanaosomeshwa nyumbani na wazazi wao, na mama yao. Wote kimya. Halafu akasema, nyinyi watu mchague jina moja mbaki nalo. Akaisukuma leseni kwenye kaunta, ikateleza, ikaanguka kwenye zulia la mlangoni lililojaa maji ya theluji. Hakusema samahani. Nikainama mwenyewe nikaiokota nikaifuta kwenye sweta.

Babu yangu ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya darasa la kwanza, ameshatangulia mbele ya haki, na mtu ananiambia nichague.

Sasa niseme haki. Sheria ni sheria. Jina la kwenye kitambulisho lazima lifanane na la usajili, imeandikwa, na nilikosea mimi. Angeniambia tu, dada, pole, hayafanani, karekebishe urudi, ningeumia lakini ningeondoka nikishukuru. Nilichobeba mimi mpaka leo ni kauli. Kituo cha basi nililia mbele za watu na mimi sio mtu wa kulia.

Na hasara yake sasa. Kituo kile mitihani ni siku mbili tu kwa wiki, nafasi iliyofuata ilikuwa mbele huko, ada ya kituo wakasema hairudi, shifti ya usiku uliofuata sikwenda, kichwa kilikuwa kinapasuka. Ratiba yote ya kalenda ya jikoni ikabomoka, Sociology ikatoka nje ya dirisha la maombi. Kilichoniokoa ni kwamba tiketi ilikuwa haijatumika na inadumu miezi 6, nikapiga simu jina likarekebishwa.

Nilikuwa nimeshaapa sifanyi tena. Yule dada Mkenya ndiye aliyenishika, akasema mtu mmoja wa mapokezi asikule miaka yako. Akanitafutia kituo kingine, chuo kidogo, mabasi mawili na kutembea. Pale nimemkuta mzee, mvi kichwa kizima, akaichukua leseni kwa mikono miwili, akaisoma taratibu, akaniuliza, hili la katikati linatamkwaje? Nikamtamkia. Akarudia. Akakosea, akarudia tena mpaka akapata. Kisha akanionyesha pa kuweka koti.

Nimefanya. Swali usilolijua, we lijibu hivyohivyo, kosa halikatwi alama. Nilipomaliza skrini ikaleta namba palepale, 63. Nilitaka kumkumbatia yule mzee, nikaona haya.

Kwa hiyo nashauri nini? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msijisumbue, bora mlipe darasa mheshimike. Hapana, nafuta. Mtihani wenyewe ni halali yenu, hasa nyinyi mnaofanya kazi usiku, nendeni. Chagueni chuo cha kupelekewa matokeo wakati uleule wa kujisajili, hapo ni bure, baadaye unalipia. Andikeni jina herufi kwa herufi kama kitambulisho. Acheni wiki mbili za ziada kwenye ratiba, sio kwa ajili ya kufeli, kwa ajili ya watu. Ila nikikumbuka lile zulia narudi palepale, kituo kile nakipa sifuri, na kama kungekuwa na chini ya sifuri ningekipa, wallahi, maana barua nimemwandikia mkubwa wao, kwa adabu, na mpaka sasa kimya, hata kuniambia tumeipata hakuna.

Psychology nafanya mwezi ujao kwa yule mzee. Nikitoka kazini napitiliza moja kwa moja, mabasi mawili. Tiketi nimeshaichapisha, imebandikwa kwenye friji, na safari hii majina yamo yote matatu.