TAHADHARI: smoka za "chuma kizito mm 6" za mtandaoni, mimi nimeshapigwa

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira ila nitajitahidi.

Kilichonishtua ni namna lilivyoshushwa. Niliagiza smoka ya kuchomea nyama, ile ya pipa refu limelala halafu boksi la moto liko pembeni, na fundi mwenyewe akaniambia niandae watu sita wa kushusha maana ni chuma kitupu, nikaongea kabisa na vijana wa bodaboda pale kijiweni wakae tayari. Kirikuu kikafika, dereva na utingo wake wakalibeba wawili tu wakaliweka getini, tena utingo anaongea na simu kaibana na bega. Moyo ukafanya paa.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi na shemeji yangu tulitaka kuuza mbavu na kuku wa moshi wikiendi huku Goba. Jiko la nyama choma tunalo, ila smoka ni habari nyingine, nyama haikai juu ya moto, inapata moshi na joto la taratibu nyuzi kama 110 mpaka 130, kipande kikubwa cha ng'ombe kinaweza kukaa humo masaa 12. Ndio maana chuma kinatakiwa kiwe kinene, kinashika joto, ukifungua mfuniko joto halikimbii lote na hukai unalisha kuni kila dakika tano. Nikakuta akaunti moja ina picha kali balaa, jamaa anasema karakana yake ipo Gerezani, pleti ya mm 6, milioni 1.8, advansi laki 9 ndio aanze kazi. Nikamwambia fundi nakuja kuona, "karibu bosi wangu muda wowote", ila nikisema nakuja leo ana msiba, kesho umeme hamna, keshokutwa yuko saiti Kibaha. Na mimi kwa ufala wangu nikarusha hela, na iliyobaki nikamalizia kirikuu kikiwa njiani, maana alisema dereva hashushi mzigo wenye deni.

Picha zenyewe sikuzitazama vizuri. Nyuma ya smoka kuna pikapu, usukani uko kushoto!! Ni picha za Texas huko Marekani ndio kwao mambo haya, jamaa kazikwapua tu.

Basi tukalipeleka kwa muuza vyuma chakavu mwenye ule mzani mkubwa. Kilo 78 pamoja na matairi yake. Sasa pigeni hesabu na mimi, pleti ya mm 6 kila mita moja ya mraba ina kilo kama 47, pipa langu lina urefu wa mita 1.2 na upana sentimita 60, boksi la moto sentimita 50 kila upande, eneo lote linakuja mita za mraba kama 4.3, yaani pleti peke yake ilitakiwa ivuke kilo 200 kabla hujaweka miguu wala nyavu. Muuza chakavu hata hesabu hakuhitaji, kagonga na ufunguo akasema "kaka hii geji 16", mm 1.5 hivi, bati la mageti. Ujanja wa yule tapeli ni kwamba kwenye ukingo wa mlango kazungushia flatibaa (ule ukanda wa chuma bapa) ya mm 6, ukifungua ukachungulia pale unaona unene wa kweli unaridhika.

Hatujakata tamaa, tukawasha moto mtupu bila nyama. Weee. Rangi ya mafuta kaipaka mpaka ndani ikaanza kutoa mapovu, kumbe maungio kaziba na filla ya bodi za gari nayo ikadondoka, moshi unatoka kila kona isipokuwa kwenye bomba, boksi la moto likapinda mlango haufungi tena. Na wavu wa kuwekea kuni ni wa zinki, ile ikipata moto mkali inatoa moshi mweupe ambao ni sumu, mafundi wa kuchomelea wanaujua, unawapa homa usiku (ndio wale wanaokunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua, hayasafishi kitu).

Nikapata mzee mmoja fundi kule Keko, huyu alinichekesha, nilipomuuliza advansi akasema hataki hela yangu ya vyuma, twende wote dukani nilipie mwenyewe, pleti ipimwe na vernia (kile kifaa cha kupimia unene) mbele yangu, yeye nimlipe ufundi tu kazi ikiisha. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 ya mm 6 ni kama kilo 140, hiyo hata ukitaka kudanganywa mgongo utakuambia. Kaipeleka ikaviringishwa kwenye rola, na mlango hakuukata wote kwa mara moja, kachomelea bawaba kwanza ndio akamalizia kukata, anasema ukitangulia kuukata chuma kinajikunjua halafu hauingii tena milele. Ndani hamna rangi, tulipaka mafuta ya kula tukawasha moto masaa kadhaa kama unavyozoesha chuma kipya cha chapati.

Huyu wa kwanza aliahidi kurudisha laki 4, akanizungusha wiki tatu, sasa kaniblock. Serikali ya mtaa wameniambia niende polisi na miamala yangu na kesho naenda. Lile boksi lake kuku wa shemeji wanatagia.

Ila Jumapili nimeona akaunti mpya, jina lingine, pikapu ileile usukani kushoto, bei kashusha mpaka milioni 1.5 na anasema zimebaki mbili.