KVM kwenye RISC-V: uzoefu wangu na mwenyeji asiye na nyumba

Nianze na lililoniuma, yaani bodi. Niliagiza bodi ya RISC-V (usanifu huria wa prosesa) nikiamini kwamba kerneli, yaani kiini cha Linux, ikishakuwa na KVM, sehemu yake ya kuendesha mashine pepe, mambo yamekwisha. Nikapakia moduli, nikajibiwa hakuna kifaa cha namna hiyo. Kwenye logi ya kerneli palikuwa na mstari mmoja mkavu: kiendelezi cha haipavaiza, yaani uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe, hakipo. Nikafungua /proc/cpuinfo na kuusoma mstari wa isa, unaotaja uwezo wa prosesa, herufi moja moja: rv64imafdc, basi. Herufi h, alama ya kiendelezi hicho, niliyoitolea pesa, haimo. Muuzaji aliandika tu kwamba bodi "inaendesha Linux mpya", hakudanganya. Mimi ndiye niliyejijazia mengine.

Kwa hiyo ukitaka kununua, itafute hiyo h kwenye maelezo ya prosesa yenyewe, usiishie kwenye tangazo.

Kerneli haina kosa hapa. KVM ya RISC-V iliingia kwenye Linux 5.16, iliyotoka Januari 2022, baada ya kusubirishwa mlangoni toleo baada ya toleo la viraka. Watunzaji hawakutaka msimbo wa kiendelezi ambacho vipimo vyake bado vinachezacheza, na H iliidhinishwa mwishoni mwa 2021. Prosesa nyingi zilizokuwa sokoni zilikuwa zimeshachorwa kabla ya hapo. Zamani niliona huo ni ukaidi wa wazee. Siku hizi niko upande wao.

Basi nikairudia QEMU, programu ya kuigiza kompyuta: ikaigiza prosesa yenye H, ndani yake Linux, na ndani ya hiyo Linux, KVM. Ni polepole mpaka inachosha, lakini /dev/kvm ikajitokeza. Sikuanza na kvmtool, programu iliyo tayari ya kuendesha mashine za KVM, kama watu wenye akili zao. Niliandika kiprogramu changu chenye mgeni (mashine pepe yenyewe) wa maagizo machache tu, nikampa memori kuanzia 0x80000000, nikaita KVM_RUN, amri ya kumwendesha. Papo hapo kosa: haitumiki. Jioni nzima nilihangaika. Kumbe sikuwa nimeipanga rejista ya pc, inayoonyesha agizo linalofuata, kwa hiyo mgeni alianzia anwani sifuri, ambako hakuna memori. Angesoma au kuandika pale, KVM ingeniletea kama ombi la kifaa, niliigize mwenyewe. Kuchota agizo mahali patupu ni jambo jingine, na hapo inakata tamaa. Ningependa iseme hivyo wazi badala ya kunitupia namba ya kosa.

Nikaona bora nichungulie ndani. Nikaongeza kwenye KVM mstari wa kuchapa htval, rejista inayotaja anwani iliyoleta kosa, kila mgeni anapogusa anwani isiyo yake. Akaandika kwenye 0x10000000, logi ikaniambia 0x4000000. Nilidhani nimevunja kitu. Kumbe htval huihifadhi anwani ikiwa imesogezwa biti mbili kulia, kwa sababu kwenye prosesa za biti 32 anwani ya mgeni inaweza kufika biti 34 na rejista isitoshe. Biti hizo mbili za ziada ndizo pia zinazofanya jedwali la kwanza la kurasa za mwenyeji (mfumo unaombeba mgeni) liwe na KiB 16 badala ya 4. Mgeni anajipangia kurasa zake za memori kwa rejista ya vsatp akijiona mwenye nyumba, mwenyeji anazipanga upya kwa rejista ya hgatp bila mgeni kujua. Nikaanza kuipenda hapo. Hila ni chache, na msimbo wake unasomeka hata na mtu kama mimi.

Lalamiko jingine ni katizo: bila AIA, mfumo mpya wa katizo wa RISC-V, katizo za vifaa lazima zipitie kwa programu iliyo nje ya kerneli inayoigiza PLIC, kidhibiti cha katizo cha zamani, na ucheleweshaji wa safari hizo unaonekana.

Kwa kujifunzia, naipa nne kwa tano. Kwa kazi ya kila siku, ningoje kwanza bodi yenye h. Ile ya kwanza iko mezani, inanikusanyia logi.