Barafu Kavu ya Eneo la Viwanda: Chukua Vidonge, Acha Bonge

Mwalimu anayetaka darasa lione yabisi, kiowevu na gesi ya kitu kimoja vikikaa pamoja hahitaji mtambo wa bei. Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, inatosha, na Eneo la Viwanda, Nairobi, inauzwa kwa kilo. Ila si kila inayouzwa inafaa.

Bonge hudumu, lakini kulivunja ni kazi ya nyundo. Chukua vidonge vyembamba vya milimita 3. Vilivyo vipya vina kingo zinazoonekana. Vilivyolala vimeshikana na kuvaa unga mweupe. Unga huo ni unyevu wa hewani ulioganda, na ndani ya pipeti, kile kijibomba chenye tumbo cha kudondoshea matone tutakachofanyia jaribio, utakuzuia kuona.

Ufungaji ndio unaoudhi: baadhi ya wauzaji hukupimia kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana. Kilo moja hutoa zaidi ya lita 500 za gesi, na ndoo iliyobanwa haina pa kuitolea! Nenda na kisanduku chako cha stairofomu, mfuniko uwe umelegea, na vioo vya gari viwe wazi, hasa ukinaswa kwenye foleni ya Mombasa Road.

Darasani, vaa glavu na miwani ya maabara. Kata ncha ya pipeti laini ya plastiki, tia vipande 8 hadi 10 vya ukubwa wa punje ya mchele, kunja shingo, ibane kwa koleo, kisha zamisha tumbo lake kwenye gilasi ya plastiki yenye maji ya bomba. Presha ikifika bar 5.18, kwa nyuzi -56.6, vipande hulowa, kiowevu huchemka, na yabisi huzama chini yake badala ya kuelea kama barafu ya maji. Legeza koleo, vyote huganda theluji papo hapo. Bana tena, kiowevu kinarudi.

Viputo vikitoka shingoni, hujabana sawasawa. Hali zote tatu zikiwapo presha hutulia, kwa sababu joto linaishia kuyeyusha yabisi; yabisi ikiisha presha hupanda na pipeti hupasuka, kwa hiyo legeza mapema. Chupa ya kioo usiithubutu.

Wenye chombo cha geji, yaani kipima presha kinachosoma ile inayozidi presha ya hewa ya nje, wakumbuke kwamba hewa ya Nairobi ni kama bar 0.83 tu: mshale utasoma karibu 4.35, ilhali Mombasa ungesoma 4.17.

Nusu kilo inatosha darasa moja, lakini nunua kilo 2 asubuhi ya siku yenyewe, maana nyingi itapotelea njiani.