Taa za kizamani kwa nyumba za Dar: ipi ununue kwanza

Anza na balbu. Hata taa iwe nzuri namna gani, ukiifunga balbu ya mwanga mweupe, ukale wake wote unapotea. Omba ya mwanga wa njano, iliyoandikwa 2700K au 2200K kwenye boksi, na iwe LED yenye nyuzi zinazoonekana ndani ya kioo. Zile za wati 40 za mtindo wa kale zinapendeza, lakini tano zikiwaka saa 5 zimemaliza uniti nzima ya LUKU. LED tano za wati 4 zitakaa saa 50 kwa uniti hiyohiyo. Tazama na kitako: nyingi za urembo ni za skrubu, E27, na huenda holda yako nyumbani ni ya pini.

Sasa taa zenyewe. Namba moja kwangu ni chemli iliyogeuzwa kuwa ya umeme. Nazungumzia chemli iliyofanya kazi kweli, yenye mpini wa waya na utambi uliobaki mweusi pembeni. Bibi yangu alikuwa akifuta masizi ya chimni kwa gazeti kila jioni kabla ya magharibi, na kioo kile kikisafishwa vizuri bado kinautuliza mwanga kuliko vioo vingi vipya. Kabla fundi hajatoboa tangi, mafuta yote yamwagwe, lioshwe kwa sabuni mara kadhaa na kuanikwa hadi harufu iishe kabisa. Mvuke wa mafuta ya taa na cheche za drili havikai pamoja. Tundu la waya lifungwe mpira, ukingo wa bati usije ukakata waya.

Ya pili ni taa ya shaba ya kuning'inia, yenye matundu, mtindo unaouona Mji Mkongwe Zanzibar. Usiku inachora maua ukuta mzima. Nenda dukani na sumaku: ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Kwa anayekaa Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach hilo ni jambo kubwa, maana upepo wa bahari una chumvi. Shaba halisi itafifia tu, na ndimu na chumvi kidogo vinairudishia mng'aro. Kwa kuwa mwili wake wote ni wa metali, lazima iungwe waya wa athi, ule wa kijani na njano. Fundi akikuambia hauna haja, tafuta mwingine.

Ya tatu, taa ya mezani ya mninga yenye kofia ya ukili. Mafundi seremala wa Keko wanaweza kukuchongea kitako. Kiwe kizito, watoto wasiiangushe. Ukili na balbu inayochemka haviendi pamoja, kwa hiyo hapa ni LED tu.

Mwisho kabisa naweka shandelia za chuma kilichopakwa dhahabu. Niliinunua moja kwa mapenzi makubwa. Masika moja tu rangi ilibanduka vipandevipande na kutu ikachora duara la kahawia kwenye dari. Ukiitaka hata hivyo, ipime uzito kwanza, na fundi aifunge kwenye boriti. Jipsam peke yake haiibebi.