Open-DIS kwenye mazoezi ya uokoaji baharini: uzoefu wangu

Tangu Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, mazoezi ya uokoaji kwetu Zanzibar si jambo la kupuuza. Mafuta ya boti ni ghali, kwa hiyo vijana tunaowafundisha huanzia kwenye kompyuta: mmoja anaendesha meli iliyopata ajali, wengine boti za uokoaji, mwalimu anafuatilia kwenye ramani. Programu ya kulipia tuliyokuwa nayo ilikuwa ikigoma kila leseni inapoisha. Sasa tunatumia Open-DIS na sitamani kurudi nyuma.

Hii ni maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa msimbo ulio tayari kutumiwa ndani ya programu yako, ya bure na ya chanzo huria, iliyoanzia chuo cha uzamili cha Jeshi la Majini la Marekani kule Monterey. Inafuata DIS (Distributed Interactive Simulation), yaani kiwango namba 1278 cha IEEE, chama cha wahandisi, kinachounganisha kompyuta za mazoezi ya kivita. Sisi hatuna vifaru, ila kazi ni ileile: kila chombo kinawatangazia wenzake kipo wapi, kinaelekea wapi na kwa kasi gani. Tangazo moja la kawaida ni baiti 144 tu, na hakuna sava (kompyuta kuu) ya katikati ambayo ikizima, zoezi zima limekwisha.

Kilichonikosha hasa ni makadirio. Kompyuta yako inachukua kasi na mwelekeo wa mwisho wa boti ya mwenzako, kisha inapiga hesabu imefika wapi, kama nahodha wa jahazi usiku asipoona mnara. Boti ikikata kona, hapo ndipo tangazo jipya linatoka. Ikienda moja kwa moja, inajitambulisha kila sekunde 5. Zikipita 12 kimya, inaondolewa kwenye ramani. Wi-Fi yetu ni ya kusuasua, lakini boti zinakwenda kwenye skrini bila kurukaruka.

Usumbufu upo. Mahali hupimwa kwa mita kutoka kitovu cha dunia, basi bandari ya Mkoani, Pemba, inasomeka kwa namba tatu: karibu milioni 4.9, milioni 4, na hasi laki sita, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Andika mapema msimbo wa kugeuza latitudo na longitudo kuwa namba hizo. Tena usitegemee picha: bahari utaichora mwenyewe.

Matangazo yenyewe kwa kawaida hayavuki ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, na hayafichwi kwa siri yoyote. Kuwaunganisha wenzetu wa Chake Chake kulihitaji VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, na bila hiyo nisingethubutu kuyapitisha kwenye intaneti.