Kitabu cha Muir kilichonyofolewa michoro

Nyota moja, na hiyo moja ni ya marehemu John Muir, si ya waliochapa toleo hili. Nimelipia "My First Summer in the Sierra" bei ya kitabu kizima, nikaletewa nusu. Kila palipokuwa na mchoro pamebaki mabano yenye jina la mchoro, yamechomekwa katikati ya aya, na chini yake hakuna kitu. Unasoma habari za misonobari, mara sentensi inakatwa na jina la mlima, kisha inaendelea tu. Kurasa na kurasa hivyo hivyo.

Wapo watakaosema nalalamikia vipicha. Hapana. Hii ni shajara ya mtu aliyekuwa akichora. Mwaka 1869 Muir, kijana mzaliwa wa Scotland, alipewa kazi ya kufuatana na kondoo 2,050 wa Bwana Delaney kwenda malisho ya juu ya Sierra Nevada, California. Mchungaji hasa alikuwa Billy. Muir wa kuangalia tu mambo yaende sawa, kwa hiyo akipata nafasi anatoka na daftari, penseli na Carlo, mbwa wa kuazima. Tarehe 20 Julai yuko juu ya North Dome, kilima cha mwamba chenye umbo la kuba, karibu bonde lote la Yosemite liko chini yake, na anasema angetamani kuchora kila anachokiona: jiwe, mti, jani. Kitabu kilipotoka mwaka 1911, kilitoka na michoro yake ya mkono pamoja na picha za Herbert W. Gleason. Kwenye nakala yangu yote hayo ni hewa.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikamtumia na picha za kurasa zenyewe. Alikaa kimya, halafu akajibu: "Dada, umenunua kitabu, hukununua albamu. Maneno yote yamo." Basi. Hata samahani hakuna. Haki za kitabu hiki zilishakwisha, mwenye mashine yeyote anaweza kukichapa akauza, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni mtu kuuza kitu asichokifungua hata mara moja, kisha kumfokea aliyekifungua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Muir mwenyewe anampa muuzaji huyo pa kujifichia. Pale pale North Dome anaandika kwamba karatasi zake za michoro zikipotea kama majani yaliyopukutika, au zikiwafikia marafiki kama barua, haijalishi sana, kwani haziwezi kumwambia mengi mtu ambaye hajaona pori la namna ile. Nimeurudia mstari huo mpaka nimeuchukia. Aliyechora ana ruhusa ya kusema hivyo juu ya kazi ya mkono wake, aliyefuta hana. Na huyo mtu ambaye hajaona ndiye mimi! Milima ninayoijua ni Uluguru: ukungu, migomba, udongo mwekundu unaoteleza. Muir anapoeleza mwamba wa graniti uliosuguliwa na mto wa barafu mpaka unang'aa jua likiupiga, nahitaji angalau mstari mmoja wa penseli wa kunishika mkono.

Lakini maneno yenyewe, jamani. Nilikuwa nimeapa kukirudisha, nikafika pale anapovua viatu na soksi, anateremka ukingoni kabisa mwa maporomoko ya Yosemite ili ayaone yanavyoruka, anatafuna majani machungu ili kizunguzungu kisimshike. Nilishika kiti. Halafu ile sura ya njaa ya mkate: unga umeisha, wamebaki na nyama ya kondoo, na mtu anayeishi kwa kutazama maua anakiri kwamba tumbo linamvuruga akili. Kondoo wenyewe anawaita nzige wenye kwato kwa jinsi wanavyomaliza majani, na unaona hapo hapo mbegu ya mtu atakayepigania Yosemite iwe hifadhi ya taifa, ikawa hivyo mwaka 1890. Siku anapofika kilele cha Cathedral Peak anasema ndiyo mara yake ya kwanza kuingia kanisani California. Hapo nilisema nyota nne, hata toleo likiwa bovu.

Nikashusha tena. Akielekea ziwa Mono anakutana njiani na wenyeji wa huko, na anaandika kwamba uchafu wa nyuso za baadhi yao ni mnene na wa kale kiasi cha kuwa na maana kwa mwanajiolojia. Mtu aliyelala chini kumchunguza panzi kwa upendo! Baadaye anawaona wanawake wa jamii hiyo kando ya ziwa, wanapukuchua nafaka mwitu na kuipepeta kwa upepo, anaeleza vizuri sana, lakini tusi lilishatoka. Na tusi hilo limechapwa lote, halijapungua hata nukta. Michoro ndiyo iliyoonekana haina kazi.

Nilikinunua kwa sababu nilisoma kwamba mzee huyu, baada ya kukitoa, alisafiri akiwa na miaka 73 kwenda Amerika ya Kusini na Afrika, akatafuta mibuyu, akapita Mombasa hadi ziwa Victoria mwaka 1912. Nilitaka kujua alianzia wapi. Nimejua, na sikirudishi tena kitabu. Nyota moja nimeiacha pale juu kwa sababu ya ubovu wa toleo. Kitabu chenyewe kisomeni, na mkifika kwa watu wa Mono msipapite haraka. Ila kabla hujalipa, mwambie muuzaji akupigie picha kurasa chache za katikati. Ukiona mabano matupu, usimtumie hela, hata akikuita dada.