Seramu au plazima yenye chembe sahani: matone yapi kwa konea isiyopona?

Kidonda cha konea (utando angavu wa mbele ya jicho) kikikataa kufunga kwa matone ya kawaida, swali hili huzuka. Matone yote mawili hutoka kwenye damu yako mwenyewe: seramu ni majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na plazima ni majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda, hapa ikiwa na chembe sahani, yaani vijichembe vinavyosaidia damu kuganda.

Seramu ni rahisi kuandaa: damu huachwa igande kwa takriban saa 2, huzungushwa kwa mashine, kisha majimaji ya juu huchanganywa na maji safi ya chumvi, mara nyingi hadi asilimia 20. Plazima huhitaji sitreti ili damu isigande, tena mzunguko wa taratibu. Kasi ikizidi, chembe sahani huzama chini na unabaki na plazima tupu, kazi bure. Ikiandaliwa vyema hubeba vichocheo vingi vya ukuaji, hivyo huvutia zaidi kwa kidonda sugu. Kwa macho makavu, seramu kwa kawaida yatosha.

Mtihani ni utunzaji. Matone haya hayana kihifadhi, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa ikikosa baridi huzaa bakteria. Seramu hudumu miezi 3 hivi kwenye friza ya -20°C. Unakoishi Nairobi stima ikipotea kila mara, omba uchukue chupa chache chache, na zisafiri kwenye kibebeo chenye barafu. Mwenye upungufu wa damu amwambie daktari kabla ya kutolewa damu.